Barua kwa Mwanangu: Baraza Uliloniuliza

Ngamiani, Tanga

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima. Mama yako hajambo, na ule mguu uliokuwa ukimsumbua ulipokuwa hapa umepata nafuu. Tumefurahi kusikia kwamba umefika Uingereza salama na kwamba umerejea kazini.

Siku ile pale stendi ya Kange, mizigo yako ikiwa imeshapakiwa na kondakta akiwaita abiria, uliniuliza swali ambalo sikulijibu. Ulisema: "Baba, lile baraza la mbele ya nyumba mlilivunja lini, na kwa nini katika simu zote hizi hakuna aliyeniambia?" Nikakwambia tutazungumza. Tangu hapo umepiga simu mara tatu, na mara zote tatu tumezungumza habari za mguu wa mama yako, bei ya mchele na harusi ya binamu yako, lakini hilo hatukuligusa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jibu lake ni refu, na kwenye simu mimi hukimbilia kusema kwamba tuko salama hata pale ambapo ninalo la zaidi.

Tulilivunja mwezi wa Julai, mwaka 2017. Utakumbuka kwamba mwaka ule ulituma pesa za kubadilisha paa, maana bati za zamani zilikuwa zimekula kutu na mvua za masika zilituingilia mpaka chumbani kwa bibi yako. Paa likapauliwa, na pesa zikabaki. Ndizo zilizojenga ukuta wa mbele na kununua geti, na ili ukuta upate nafasi bila kuingia barabarani, ilibidi baraza liondoke. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo nilipaswa kukuambia, na ambalo lilinifunga mdomo, ni kwamba baraza lilivunjwa kwa pesa zako. Niliogopa kwamba ukisikia utaona umelivunja wewe. Nilikosea. Ulikuwa na haki ya kujua pesa zako zimefanya nini, hata kama hazikufanya ulichokitaka.

Mafundi walikuja wawili, asubuhi, na nyundo na mtaimbo. Upande wa kulia wa mlango ulikwisha kabla ya adhuhuri, kwa sababu huo tuliukarabati sisi wenyewe ulipokuwa darasa la nne, tukautengeneza kwa matofali na saruji nyembamba. Upande wa kushoto ulichukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Huo ndio alioujenga babu yako mwaka 1958, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila mtaimbo ulipoingia ulitoka na vumbi jeupe tu, jiwe likabaki palepale. Yule fundi kijana alipumzika, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele, pale ambapo miguu na nguo za watu zilikuwa zimepalainisha mpaka pakang'aa kama sahani, akaniuliza kama hapa palipigwa rangi ya mafuta. Nikamjibu hapana, ni watu tu. Akaendelea na kazi. Mimi niliingia ndani, kwa kuwa sikuweza kusimama pale.

Sasa kuhusu sababu. Ningeweza kukuambia kwamba ni wizi, na kweli mwaka ule mtungi wa gesi uliibwa ukumbini mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia majirani. Lakini baraza lilikuwa limeshakuwa tupu kwa miaka mitano au sita kabla ya fundi yeyote kuligusa, na hilo wewe hukuliona kwa sababu ulipoondoka mwaka 2009 bado lilikuwa na watu, nawe ukalichukua moyoni vile ulivyoliacha.

Wewe unawakumbuka wanne. Yule fundi cherehani aliyekuwa akikaa mwisho kabisa karibu na mtaro alifariki mwaka 2010. Mzee wa reli, aliyekuwa akikupa kashata, alichukuliwa na mwanawe akaenda kuishi Dar es Salaam, na huko nasikia anakaa ghorofa ya tatu. Wa tatu macho yalimwishia, akawa hatoki bila kushikwa mkono. Wa nne, yule aliyekuwa mpishi melini, alifungua kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu pale kona, na mtu mwenye kibanda hawezi kukaa barazani, maana wateja huja saa yoyote. Nilibaki mimi na redio. Muuza kahawa aliendelea kupita na dele lake, akigonga vikombe kama kawaida, akasimama mbele yangu kwa adabu, akanimiminia kikombe kimoja, akaondoka. Zamani alikuwa akishusha jiko chini. Siku moja hakupita, na sikumlaumu.

Ulisema pia, tulipokuwa tukitembea Bustani ya Jamhuri, kwamba ulishangaa kuona meli imegusa gati. Nilikuwa nimekuambia habari hiyo kwa simu, nawe ukasema vizuri, lakini nadhani hukuelewa maana yake kwa mtu kama mimi. Kwa miaka yote niliyokuwa karani bandarini, meli kubwa zilitia nanga nje, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini. Shehena ilishushwa kutoka melini hadi kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, matishari yakavutwa hadi gatini, kisha shehena hiyohiyo ikapandishwa tena juu. Kwa hiyo kila gunia na kila robota la katani lilishikwa mara mbili na kuhesabiwa mara mbili, na mmoja wa waliokuwa wakihesabu nilikuwa mimi. Mvua ikinyesha, kazi ilisimama. Bahari ikichafuka, kazi ilisimama. Tishari likichelewa, watu walisubiri. Sasa gati lina urefu wa mita 450, maji yamechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli huja yenyewe kuegemea. Ni jambo jema sana, tena lilichelewa, na ningependa babu yako angeliona.

Nataka ufahamu lakini kwamba baraza zetu za Ngamiani zilijazwa na kule kusubiri. Vibarua wa bandarini walikaa hapa barabarani wakingoja kuitwa, na mvua iliyosimamisha winchi ndiyo iliyoleta bao na karata kwetu. Mtu alikuwa na saa nne hana la kufanya wala hana lawama, kwa sababu wote hawakuwa na la kufanya. Leo kijana asiye na kazi haketi barazani. Anapanda bodaboda ya mtu, anatafuta hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki, na hata anapongoja abiria hukaa juu ya pikipiki yenyewe, uso kwenye simu. Kukaa kumekuwa aibu. Ulipouliza kwa nini baiskeli zimepungua katika mji ambao hata akina mama wenye mabuibui walikuwa wakienda sokoni kwa baiskeli, jibu lake ni jirani na hili: baiskeli haikupi hesabu ya jioni. Bado zipo, uliziona, ila sasa aghalabu ni za wazee na watoto wa shule.

Na kabla ya bandari kulikuwa na mkonge, ambao ndio uliotuleta. Babu yako wa upande wangu alikuja Tanga akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani, akakata mkonge miaka kumi na mmoja, akahamia mjini alipopata kazi ya kufunga marobota kwenye ghala, ndipo akajenga nyumba hii. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa michache mno, haikufika hata mia. Kutoka kwenye miche hiyo, kufikia mwaka 1964 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine iliyotufikia. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yakachakaa, korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000 tu. Wewe ulizaliwa katika mporomoko huo. Ule mji mtulivu unaoukumbuka na kuupenda, wenye barabara tupu saa nane mchana na maduka yenye vumbi vitasani, ulikuwa mji uliopoteza kazi yake. Sikupi habari hii ili kukuvunja moyo. Utoto wako ulikuwa wa furaha, na sisi tulihakikisha hivyo, lakini utulivu ule watu wazima tuliuona kwa macho mengine, na mama yako alikuwa akihesabu senti za mchicha wakati wewe ukihesabu magari yanayopita.

Ndiyo maana sikuweza kukubaliana nawe uliposema mji umeharibiwa. Umebadilika, na baadhi ya mabadiliko nayaona mabaya, hasa kelele, na ile miembe iliyokatwa mtaa wa pili bila kupandwa mwingine. Lakini kijana wa Chongoleani ambaye baba yake alikuwa akiuza dagaa kwa sinia, sasa anazungumzia bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443, likiishia kijijini kwao, na anajua kwamba mafuta hayo yana nta na lazima yapashwe moto njia nzima ndipo yatiririke. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, mwezi mmoja baada ya sisi kuvunja baraza, na nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti jipya, nikisikiliza hotuba redioni, bila mtu wa kubishana naye. Kama baraza lingekuwapo na wenzangu wangekuwapo, tungebishana mpaka isha juu ya nani atapata kazi na nani atauza shamba lake kwa hasara.

Sasa nifike mahali pagumu, na nakuomba ulisome neno hili kwa utaratibu. Umelia kwa ajili ya baraza, mama yako alikuona, ukidhani amelala. Lakini mwanangu, wewe baraza ulilikalia mpaka ulipotimiza miaka kumi na miwili. Siku moja bibi yako alitoka, akakuona umekaa kati yangu na mzee wa reli ukinihesabia kete za bao, akakuita ndani, na kuanzia siku hiyo hukukaa tena. Ulipita tu, ukiamkia "Shikamooni," ukiwa umeinamisha kichwa, ukaingia ukumbini. Mimi nilikuwapo na sikusema neno. Niliona ndivyo ilivyo. Baraza lilikuwa letu wanaume, na mama yako, aliyeishi katika nyumba hii miaka arobaini na zaidi, hakulikalia hata siku moja, hata siku za msiba, maana siku hizo nazo lilifunikwa majamvi wakakaa wanaume. Yeye alikuwa uani, kwenye moshi wa jiko, na upepo wa bahari ulipokuja jioni ulitufikia sisi kwanza.

Nilipomwambia habari ya ukuta hakungoja nimalize. Alisema, "Jenga." Baada ya ukuta kukamilika alitoa mkeka wake, akautandika mbele ya mlango, ndani ya geti, akakaa bila ushungi, akanyoosha miguu yake kwenye upepo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Sasa kila alasiri mashoga zake huja, wanachambua mchele, wanasuka ukili, wanazungumza wanayoyazungumza, na mimi ndiye ninayepita nikisema "Hodi" katika nyumba yangu. Uliwaona ulipokuja, ulikaa nao, na ulicheka nao mpaka magharibi. Lakini hukuliita hilo baraza. Uliliita ukuta.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kutokukuambia, na ni nzito kuliko ile ya pesa. Kukuambia kwamba baraza limevunjwa kulihitaji nikuambie pia kwamba mama yako alifurahi, na kukuambia kwamba alifurahi kulihitaji nikuambie alikuwa amekosa nini miaka yote ile, nami ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pake. Sikuwa na maneno ya kulisema hilo kwenye simu ya dakika kumi, wewe ukiwa kwenye mapumziko ya kazi na yeye akiwa pembeni akisikiliza.

Hata hivyo sikudanganyi: nami nimepoteza. Naikumbuka sana jioni ya mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa, watu walipojaa pande zote mbili za mlango mpaka wengine wakakaa mtaroni, redio moja juu ya kigoda, na mzee wa reli, ambaye alikuwa shabiki wa African Sports, timu nyingine ya hapa Tanga, damu damu, akakubali kununua kahawa ya wote. Ninazikumbuka pia posa zilizopokelewa pale, na watu waliokuja na dhiki zao wakakaa kimya kwanza, wakanywa kikombe, ndipo wakasema. Mtu mwenye dhiki hawezi kugonga geti. Geti linamtaka aseme yeye ni nani na anataka nini kabla hajafunguliwa, na mwenye dhiki mara nyingi anataka kukaa tu kwanza. Hilo nililiona msimu wa Ramadhani uliopita, jirani yetu wa nyumba ya tatu alipouguliwa na mkewe, akapita mbele ya ukuta wetu mara mbili, akarudi kwake. Nilisikia baadaye, kwa watu. Nilikuwa nimekaa ndani, hatua sita kutoka alipopita.

Kwa hiyo tulipokusindikiza na kurudi, nililala na swali lako usiku mzima, na asubuhi nikamwambia mama yako yote haya niliyokuandikia. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema ukuta hautoki na geti halitoki, na mimi sikuwa nimeomba litoke. Halafu akasema, kama nataka mahali pa kukaa na watu, nijenge nje, uso wa ukuta, mahali ambapo yeye hatalazimika kupitia. Kati ya ukuta na mtaro kuna nafasi ya hatua mbili, nayo iko ndani ya mpaka wetu. Nimetoa hati na kuipima mwenyewe, kisha nikamwita fundi apime tena.

Fundi ni yuleyule kijana wa mwaka 2017, ingawa sasa si kijana. Amesema urefu utakuwa mita nne, kimo cha magoti, na kivuli tutakipata kwa kupanda mkungu pembeni. Nilimuuliza habari za yale mawe ya babu yako, akacheka kwa furaha, kwa sababu hakuyatupa. Aliyatumia kujazia msingi wa choo cha shangazi yako kule Makorora, na yaliyobaki, kama toroli tatu hivi, yako nyuma ya tangi letu la maji chini ya magugu, ambako sijawahi kuangalia kwa miaka yote hii. Tumeyatoa jana. Manne kati yake bado yana chokaa upande mmoja.

Hesabu yake ni mifuko sita ya saruji ya Pongwe, mchanga wa nusu gari, na ujira wa siku tatu. Pesa hizo ninazo, zimetoka kwenye pensheni yangu, na safari hii nakuomba usitume chochote. Ukipiga simu Ijumaa, mama yako atakuwa na mashoga zake uani kwake kwa mbele, na mimi nitakuwa nje nikimwagilia saruji maji, maana fundi amesema imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Piga simu yangu, usipige yake, nami nitakujibu nikiwa hukohuko nje.

Ni mimi baba yako,
nikupendaye.